Mboto wa Noeli na Paka Wawili

Hélène hangoji kusifiwa mapishi yake. Hujisifu mwenyewe, tena mapema, sahani ikiwa bado jikoni. Ana malewa yake Makiso, mjini Kisangani, karibu na bandari ya mto: kibanda cha mabati chenye mabenchi mawili, na kila adhuhuri wapakuzi wa mizigo na makarani hugombania nafasi hapo kungoja liboke, samaki aliyefungwa kwa majani na kuokwa juu ya makaa. Ukimwuliza siri ya liboke yake atakuambia iko mikononi mwake, na mikono haiuzwi. Maringo hayo anayo tangu usichana, na Jérémie alimwoa akiyajua.

Jérémie, mume wake, ni fundi wa toleka, zile baiskeli za kubeba abiria. Ni mtu mpole, mwepesi wa kusaidia, na mara nyingi husaidia mahali ambapo hakuombwa. Yeye ndiye aliyeleta paka nyumbani, kwanza Mokonzi, dume la manjano linalotembea uani kama mwenye kiwanja, kisha Madame, jike jeusi lisilopenda kuguswa. Hélène alinung'unika juma zima. Baada ya hapo ndiye aliyeanza kuwapikia.

Ndiyo, kuwapikia. Kila Jumapili na kila sikukuu paka wa nyumba ile hupata liboke yao wenyewe: ini la samaki, matumbo yaliyooshwa vizuri, na nyama ya mkia, bila chumvi wala pilipili. Miiba yote hutolewa kwa vidole, mmoja mmoja, kwa sababu wakati fulani Madame alikwamwa na mwiba kooni na Jérémie akazunguka mtaa mzima naye kifuani, analia mbele za watu bila haya. Majirani huwacheka hadi leo. Ili wasije wakachanganya, liboke ya paka huachiwa vikonyo virefu vya majani, na za watu hukatwa vikonyo karibu na fundo. Utaratibu huo haukuwahi kuwaangusha.

Noeli hii Hélène alikuwa na jambo zito moyoni. Baba yake, papa Sébastien, alikuwa amepanda baleinière, boti ya mbao ya abiria, kutoka Barumbu kuja kula sikukuu nao. Tangu mke wake afariki anaishi peke yake kule mtoni, na Hélène alipomtembelea wakati wa kiangazi alimkuta ameketi kando ya jiko lisilo na moto, anatafuna kwanga kavu, ule mkate wa muhogo, kwa chumvi. Mvuvi mzima, na ndani ya nyumba hakuna hata harufu ya samaki. Picha ile ilimkata maini. Akaapa kwamba mzee akija Noeli harudi tena, atakaa nao Kisangani, na kitakachomshawishi ni liboke.

"Papa, chambre iko, kitanda iko," alimwambia tangu siku ya kwanza. "Ubaki na siye."

"Muji ni ya batu ya mbio," papa Sébastien alijibu. "Miye nitarudi na baleinière ya kisha Noeli. Bon, tusirudilie ile maneno."

Kisha akawatazama Mokonzi na Madame waliolala juu ya kiti chenye kitambaa cha kufumwa. Akauliza kama paka wa mjini hawajui panya. Jérémie akajifanya anakaza skrubu ya meza.

Hélène hakubishana. Yeye si mtu wa kubishana kwa mdomo wakati sufuria zipo. Asubuhi ya Noeli, baada ya misa, alirudi na mboto mkubwa, mnene, aliyemchagua mwenyewe kwa wavuvi. Kwao, kichwa cha samaki ni cha mkubwa wa nyumba, naye hupewa kikiwa bado kimefungwa ili afungue mwenyewe mbele ya watu. Alikipaka kichwa chumvi na vitunguu vya majani, akaweka nyanya na pilipili kidogo ya harufu tu. Akagawa sehemu ya kati mara mbili, yake na ya Jérémie. Ini, matumbo na mkia akaviweka kando kwa ajili ya paka, akatoa miiba kama desturi, huku akiimba.

"Nitafunga miye," Jérémie akasema. "Weye ponda lituma."

Hélène akamwachia, kwa kuwa ndizi zilikuwa zimeiva sufuriani na lituma haipondwi ikiwa imepoa. Jérémie akafunga liboke nne kwa ustadi wa mtu aliyezoea kukaza waya. Alipofika kwenye kile kichwa akasita. Akaona si heshima mkwe wake apewe liboke iliyokatwa vikonyo, fupi, kama za wateja wa malewa. Basi akaiachia vikonyo virefu, akavikusanya juu na kuvifunga vizuri mithili ya shada la maua. Ya paka, ili isishindane na ya mzee, akaikata vikonyo. Alifurahia wazo lake kiasi kwamba alisahau kulisema.

Adhuhuri Hélène akaepua. Akaona liboke moja yenye vikonyo virefu, imefungwa kwa mapambo, akatabasamu kwa jinsi mumewe anavyowadekeza wale wanyama. Akaipasua majani upande mmoja bila kuangalia ndani, akaisukumia nyuma ya jikoni, Mokonzi na Madame wakaja mbio. Tatu zilizobaki akazipeleka mezani, na ile iliyojaa zaidi, kabla Jérémie hajamaliza kunawa, akaiweka mbele ya baba yake, nyuma ya sufuria ya lituma iliyoyaficha majani.

Walisali. Papa Sébastien akafungua majani yake taratibu, mvuke ukampanda usoni, akatazama kilichomo. Akachukua tonge la lituma, akachovya, akala. Akala tena. Hélène, aliyekuwa ameandaa hotuba nzima kuhusu chumba na kitanda, aliona baba yake anakula kwa haraka ambayo hakuwa ameiona tangu mama yake alipokuwa hai, akajua ameshinda. Akamkonyeza Jérémie.

Ndipo wakasikia Mokonzi ananguruma nyuma ya nyumba. Hélène akachungulia dirishani. Kichwa cha mboto kilikuwa katikati ya majani, kikubwa, kimeiva vizuri, na paka wawili wameng'ang'ania kila mmoja upande wake.

Akarudi mezani, akatazama majani ya baba yake: ini, matumbo, vipande vya mkia, tena vimebaki vichache. Mama malewa wa Makiso, anayejisifu mbele ya bandari nzima, amemlisha baba yake chakula cha paka siku ya Noeli. Alitamani ardhi ipasuke. Lakini uongo hajui, na hata siku ile hakuujaribu.

"Papa, unisamehe," alisema. "Ile unakula ni ya paka. Yako banaikula kule inje."

"Kosa ni yangu," Jérémie akadakia, uso umemshuka. "Miye niliacha vikonyo. Nilitaka ikuwe muzuri."

Papa Sébastien akatafuna, akameza, akajifuta vidole.

"Nilijua haiko ya mutu," akasema. "Haina chumvi. Lakini nani alitosha miiba?"

"Miye," Hélène akajibu. "Paka inaweza kukwamwa."

Mzee akaanza kueleza, bila kumwangalia yeyote, kwamba macho yake hayaoni tena miiba ya mboto. Kule Barumbu mke wake ndiye aliyekuwa akimtolea. Tangu aondoke, samaki anaowavua huwagawia majirani, na yeye hula kwanga, kwa sababu mvuvi hawezi kumwomba mtu amchambulie samaki.

"Kisha kifo ya mama yako," akasema, "leo ndiyo mara ya kwanza ninakula samaki bila woga."

Hélène akalia. Hakujificha, wala hakujaribu kuigeuza kuwa kikohozi. Hotuba yake yote ilikuwa imempotea, na hakuihitaji.

"Baleinière iende," papa Sébastien akasema. "Hapa batu banatolea hata paka miiba. Munihesabu paka ya tatu."

Jérémie akacheka kwanza, kwa hofu, halafu kwa sauti. Hélène akavuta liboke yake ambayo hakuwa ameigusa, akaifungua, na kwa vidole vyake vilivyolowa machozi akaanza kutoa miiba, mmoja mmoja, huku akihamishia nyama kwenye majani ya baba yake.