Kasha la Ushahidi wa Askari

Siku Shee alipokuja kutoa ushahidi, nyumbani kwetu Kismayu tulikuwa tunapika wali wa nazi na papa mkavu. Dada yangu Mwanaesha alikuwa akikuna nazi huku akinicheka, maana vidole vyangu havikuwahi kukosa wino.

Wino ule ulikuwa kazi ya Baba. Alikuwa kadhi, na askari wa pwani yetu waliopelekwa na Wataliani kupigana Habash, nchi ya Wahabeshi, wakirudi, aliwaita maktabani kwake, kando ya msikiti, waseme nani wamemwona akifa na wapi. Bila mashahidi wawili, Baba hakumhesabu mwanamke kuwa mjane. Hakai eda, haolewi tena. Macho ya Baba yalikuwa yanamwisha, basi mimi niliandika nikiwa nyuma ya pazia. Karatasi zilijaa kasha zima. Nakala hazikuwapo.

Shee, mtu wa kisiwa cha Koyama, alirudi na mguu mmoja. Baba alimuuliza habari za Athman, mume wa Mwanaesha.

"Athman ni mchu wangu, kadhi," alisema, yaani mtu wake wa karibu. "Mikono hii ndiyo imemzika."

Niliandika. Shee akatia alama ya kidole. Nilipomwambia Mwanaesha, alilia siku nyingi, kisha akaanza kumngoja shahidi wa pili. Shee mwenyewe hakuishi sana, kidonda kilimla. Mwaka uliofuata fundi mmoja wa mashua alituma watu kumposa dada yangu. Alikuwa mpole, na Mwanaesha alimpenda, hilo hakulificha.

Ndege za Waingereza zilikuja asubuhi, watu wako sokoni.

Bomu la kwanza lilianguka bandarini. La pili, nyuma ya msikiti.

Maktaba ikashika moto.

"Misahafu!" Baba alipiga kelele. "Misahafu kwanza!"

Niliingia. Nilitoa misahafu, nikarudi nikatoa vitabu vya fiqhi. Nilipogeuka mara ya tatu, paa lilishuka juu ya kasha.

Hakuna aliyenilaumu, na watu walinisifu mpaka nikaona haya. Nani atamlaumu mtu kwa kuokoa maneno ya Mungu? Lakini misahafu ilikuwamo katika kila nyumba, kuanzia Kismayu hadi Darakasi. Maneno ya Shee yalikuwa ndani ya kasha lile tu. Hilo sikulifikiria hata kidogo, na najichukia kwa hilo mpaka leo.

Wataliani walipokwisha kuondoka, alirudi askari mwingine aliyeshuhudia maziko ya Athman. Mwanaesha alikaa mbele ya Baba, mikono mapajani.

"Huyu ni mmoja," Baba alisema. "Wa kwanza yuko wapi?"

"Baba, ulimsikia Shee kwa masikio yako."

"Mimi ni babako, siwezi kukushuhudia, wala nduguyo aliyeandika hawezi. Na wale wanawake wengine, ambao karatasi zao zimeungua pamoja na yako, nitawaambia nini?"

Alilia alipokuwa akisema hivyo. Sikuwahi kumwona akilia kabla. Fundi alingoja miaka miwili, akaoa kwengine. Simlaumu.

Mwanaesha alifariki mzee, nyumbani kwangu. Msikitini walitangaza kifo cha mke wa Athman. Nilitamani kuwaambia waseme mjane. Sikuwa na karatasi.