Fungu la Zuhura

Juzi mjukuu wangu alitandaza kanga juu ya viti viwili, akaniita niingie ndani nikale. Nilibaki nimesimama tu.

Temeke ya enzi za Mwingereza, mimi na dada yangu Zuhura tulikuwa na kijumba chetu cha makuti nyuma ya jiko. Tulipika wali wa mchanga kwenye vifuu, na mgeni akionjeshwa ilikuwa lazima aseme, "Mtamu!"

Alasiri moja, Zuhura akiwa ndani na homa yake, wanaume walikuja kujenga kibanda kikubwa cha makuti uani. Wanawake wakateleka masufuria, ubani ukanukia. Nilifurahi mno: kumbe watu wazima nao hucheza!

Kisha wakambeba Zuhura, kafunikwa kanga. Nikadhani anapelekwa kwa daktari. Nikamletea mama kifuu pale mkekani.

"Fungu la Zuhura hili, akirudi ale."

Wanawake wakataka kuniondoa.

"Mwacheni," mama akasema.

Tangu asubuhi wanawake walikuwa wakimbembeleza mama ale, naye akikataa hata maji. Alikipokea kifuu, akakiinua, mchanga ukamganda midomoni.

"Mtamu, mwanangu."