Verlene Akataa Kuuza Mashine ya Risasi

Jumapili baada ya ibada, Verlene Tackett anafunga mlango wa gereji, anazima redio, kisha anaiweka simu yake ndani ya jokofu.

"Ndiyo, jokofu," anasema. "Humo hata ikilia siisikii."

Anakaa mbele ya mashine ya chuma ya kujaza upya maganda ya risasi, iliyofungwa mezani kwa bolti. Anatia ganda tupu la risasi, anavuta mkono wa mashine, na fataki iliyokwisha kazi, kile kiwashio cha kwenye kitako cha ganda, inadondoka. Mkono wake wa kushoto una vidole vitatu. Viwili vilikatwa na msumeno katika kiwanda cha mbao anakofanya kazi hadi leo, hapa bonde la Marrowbone, mashariki mwa Kentucky.

Verlene, 54, ni mjane. Mashine hiyo ilikuwa ya marehemu mumewe, Denzil, mchimba makaa aliyeuawa na maradhi ya mapafu. Ilikaa chini ya turubai hadi risasi zilipoadimika madukani, na kasha moja likawa linameza mshahara wake wa saa mbili. Kulenga shabaha kwa bastola ya Denzil ndiyo starehe pekee aliyobaki nayo.

Wa kwanza kuitamani mashine alikuwa shemeji yake, Orbin Hackworth, mume wa mdogo wake na mwenyekiti wa klabu ya shabaha.

"Niuzie, shemeji," alimwambia. "Utajilipua wewe. Hivyo vidole vilivyobaki huvitaki?"

"Vinatosha kukuonyesha mlango," Verlene alimjibu.

Alikwenda kwa Oma Ratliff, mwalimu mstaafu anayejijazia risasi tangu ujana wake. Bi Oma hakumruhusu kugusa baruti kabla hajakisoma kitabu cha vipimo na kukirudia.

"Aliniambia, 'Mwanangu, hapa hakuna kukisia. Mezani iwe baruti ya aina moja tu. Na kila ganda limulike ndani kwa tochi kabla hujalifunga.'"

Siku alipopeleka risasi zake klabuni, wanaume waliacha kahawa zao wakaja kutazama. Za mwanzo zililia vizuri. Iliyofuata ikatoa mlio hafifu, kama kizibo cha chupa.

Kicheko kikapasuka. "Hiyo umejaza unga wa mahindi!" mmoja akapiga kelele. Orbin akasema, "Piga nyingine, shemeji, usitucheleweshe."

Verlene hakupiga. Aliweka bastola chini, akazitoa risasi zote, akachungulia. Kichwa cha ile risasi kilikuwa kimekwama katikati ya mtutu. Angefyatua nyingine nyuma yake, bastola ingeweza kumpasukia mkononi.

"Kosa lilikuwa langu," anasema bila kuzunguka. "Nilipokea simu nikiwa katikati ya kujaza, nikaruka ganda moja bila baruti, wala sikulimulika. Nilirudi nyumbani nikazifumua zote, moja moja. Nililia, halafu nikaanza upya."

Orbin aliitisha mkutano ili risasi za Verlene zipigwe marufuku. Verlene alifika na nguo za kazi, vumbi la mbao kichwani.

"Nusu yenu hapa mnajijazia wenyewe," aliwaambia. "Mkinifungia mimi, jifungieni na nyinyi. Na wewe Orbin, uliyeniambia nipige nyingine, tuanze na nani?"

Kura ilipopigwa, mkono wa Orbin ulikuwa juu peke yake.

Wiki iliyofuata alirudi uwanjani, akapiga kasha zima la risasi zake bila hitilafu. Hakuondoka mpaka lilipokwisha.

"Denzil angecheka," anasema. "Angesema, 'Mama wee, shabaha yako bado mbovu.' Na kweli ni mbovu! Lakini ni yangu, na risasi ni zangu."

Sasa ana mpango wa kufungua darasa la wanawake humu gerejini, majira ya kuchipua yakifika. Ameshanunua viti kwenye mnada wa kanisa. Bi Oma atafundisha vipimo, yeye atafundisha makosa, "kwa sababu hayo ninayajua vizuri."

Wa kwanza kujiandikisha ni mdogo wake, Retha, mke wa Orbin.

Orbin, anasimulia Verlene, aliuliza kwa ukali ni nani atakayempikia chakula siku za darasa. Retha hakuinua hata macho.

"Maharage yako kwenye kopo," alimwambia. "Kifungulio unajua kilipo."