Masikio Yangu na Mbege ya Posa

Nyie vijana mtakaosoma haya, kama mna vile vijiti vya pamba, viwekeni mezani kwanza. Shule niliishia darasa la tatu, lakini masikio nimeyasomea.

Miaka ile maduka ya Moshi yalikuwa yameanza kujaa vitu, baada ya muda mrefu wa kupanga foleni kwa kipande cha sabuni. Shangazi yenu, binti yangu wa kwanza, alikuwa anauza dukani mjini. Akaniletea pakiti ya vijiti hivyo. Kabla ya hapo tulikuwa tunajikuna na unyoya wa kuku, tena kwa kujificha. Hivi vilikuwa vyeupe, vimefungwa kwenye nailoni. Nikaona haya ndiyo maendeleo. Kila asubuhi nikishakamua ng'ombe, kijiti kimoja kushoto, kimoja kulia, mpaka kinapogota. Kikitoka na unjano kidogo, nafurahi.

Wiki ambayo wakwe walikuwa waje kumposa shangazi yenu, masikio yakaziba. Yote mawili.

Mnakunywa mbege, hamjui inavyopikwa. Ndizi zikishachachuka, ukachanganya na uji wa ulezi ulioota, pipa linakaa karibu na moto. Kuanzia hapo kazi ni ya sikio. Mbege changa inachemka kwa fujo. Ikiiva inatulia, unasikia kama manyunyu juu ya migomba. Hapo unaipakua na kuipeleka kwenye ubaridi. Ukichelewa, imeharibika. Kuonja sikutaka, maana anayeonja kila mara anapokea wageni akiwa amelewa. Hapa kwetu Kilema wote walijua mbege yangu haikosei.

Jumanne nilikwenda zahanati. Muuguzi akamulika kwa tochi.

"Mama, unaingiza nini humu?"

"Pamba. Nasafisha."

"Husafishi, unashindilia. Nta ya sikio inatoka yenyewe. Wewe umeirudisha ndani kama mahindi kwenye gunia."

Alikuwa na umri wa binti yangu. Nikamgeuzia sikio la pili. Akaniambia nishike chupa ya mafuta ya zeituni mkononi mpaka ubaridi uishe, nilale ubavu, nidondoshe matone mawili matatu, asubuhi na jioni. Masikio yangekuwa yanauma au kutoa usaha, mafuta yasingefaa. Nirudi baada ya wiki. Mwanzoni, akasema, naweza nikazidi kuziba.

Nikazidi.

Jumamosi asubuhi mama yenu, mke wa mwanangu, wakati huo bado mgeni katika nyumba hii, akainama kwenye pipa.

"Mama, imetulia. Tuipakue."

Niliweka sikio langu pale. Kimya. Na kwangu kimya maana yake ilikuwa mbege haijaanza hata kuchemka.

"Iache," nikamwambia. "Wewe umejifunza lini kusikiliza pipa?"

Akarudia saa nne. Akarudia saa sita, kwa sauti ya juu mpaka jirani akaitika. Nikasema iache.

Wakwe walifika alasiri. Mshenga akapokea kata, akanywa, akafumba jicho moja.

"Mama, hii imetembea sana."

"Nini?"

"Nasema imetembea."

"Asante," nikajibu, nikidhani ananisifu.

Akarudisha kata ikiwa nusu. Hilo sikuhitaji masikio kulielewa. Posa haifungwi kwa mbege iliyorudishwa. Shangazi yenu alikuwa anaangalia sakafu. Mshenga, mtu mwenye adabu, akasema mazungumzo ni mazuri ila yasiharakishwe. Watarudi Jumamosi ijayo, tuwe tumepika pipa jingine. Wakiondoka, mzee mmoja akamuuliza mwenzake kama nyumba hii wanatengeneza siki.

Hayo niliambiwa baadaye. Jumanne muuguzi alinisafisha kwa maji ya vuguvugu, na nta ikatoka vipande viwili ambavyo sitavieleza. Nikarudi nyumbani nasikia kila kitu, pamoja na watu wa nyumba yangu jikoni wakiizungumza mbege yangu. Mama yenu peke yake alikuwa kimya, anachambua ulezi wa pipa la pili.

Niliwaita wote uani, nikawaambia: "Hakuna mtu wa nyumba hii kuingiza kitu sikioni. Futeni nje, kwa kitambaa, basi. Likiziba, zahanati. Na pipa la Jumamosi atalisikiliza mkamwana wangu. Akisema limeiva, limeiva, na mimi nitabeba vibuyu."