Unene wa Rangi

Nianze na sheria ya yadi, maana bila hiyo hakuna atakayenielewa. Katoro, kwenye yadi za vyuma chakavu vinavyotoka migodini, ukikwaruza umenunua. Ruksa kushika, ruksa kugonga, ruksa kukizunguka chuma kutwa nzima kama ng'ombe wa mnadani. Lakini ukitoa msumari ukachimba rangi ili uone kilichomo, chuma ni chako, lipa ubebe. Wauzaji wanajua wanachofanya. Wanapaka rangi ya fedha juu ya kutu, wanarudia, wanarudia tena, mpaka chuma kilichooza kinang'aa kama sufuria ya bibi harusi.

Mimi nilikuwa napima. Nina kidato cha nne na kompyuta niliyojifunzia kwenye duka la kutoa fotokopi. Ofisi ya injinia ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Kazi yangu ilikuwa kushuka yadi na kalipa, kubana kila chuma, kusoma upana na unene, kisha kupanda kuviandika kwenye jedwali na kuliingiza jedwali hilo kwenye programu ambayo injinia anasanifia majengo. Programu ilikuja na orodha yake ya vyuma vipya vya Ulaya. Vyetu haivijui. Haijui chuma kilichobeba mgodi mpaka kikachoka, kikauzwa kwa mnada, kikalala mvuani. Kwa hiyo nilivitengenezea jedwali lao, kila chuma na mstari wake, safu zikae kwa mpangilio inaoutaka yenyewe, la sivyo inatema lote. Ikikubali, jengo linasimama kwenye kioo cha kompyuta na kila chuma kinageuka kijani au chekundu. Kijani kinabeba. Chekundu hakibebi. Ila inaamini unachoilisha. Ukiilisha uongo inausaga vizuri tu.

Naandika habari za chuma lakini ninayemzungumzia ni mwanangu. Baba yake alikwenda machimboni akarudi na mwanamke mwingine, nikaondoka na mtoto mgongoni. Kwetu Usukumani ng'ombe wa mahari wakishatolewa, mtoto ni wa ukoo wa baba, na wangu walitolewa, baba yangu akawapokea meno yote nje. Baba mkwe alitoka Didia akaja kunipa sharti: nikiwa na kazi na chumba, mtoto nikae naye. Nikikosa kazi, anamfuata. Hata sauti hakupandisha. Aliongea kama mtu anayepanga zamu ya kuchunga.

Basi nilikuwa naing'ang'ania ile kazi kwa meno.

Ikaja kazi ya banda la makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, upande wa Bugarama. Tajiri mwenye makarasha alitaka vyuma chakavu, vipya aliviona ghali, ila alikuwa bado hajaamua anunue yadi ipi. Injinia akanituma nikapime akaniambia nisithubutu kukwaruza, nikikwaruza nitanunua kwa mshahara wangu. Nikamwambia kwa rangi ile nitakuwa napima rangi.

"Dada, hata wewe una poda usoni," akasema, "na umbo lako tunalijua."

Mafundi waliokuwa chini ya ngazi wakacheka. Mmoja akaniuliza kama na mimi nikikwaruzwa nimenunuliwa. Nikapima juu ya rangi.

Nikaandika, nikaingiza. Programu ikakubali yote kwa mara moja, jengo zima likawa kijani kama shamba la mpunga. Injinia akakipiga picha kioo akamrushia tajiri kwa simu. Vyuma vikanunuliwa siku hiyohiyo.

Mvua za kwanza zilikuja na upepo, mabati ndiyo kwanza yanapigwa. Boriti ya katikati ilijikunja, na fundi wa kuchomelea aliyekuwa juu yake akaanguka akavunjika paja. Nilikwenda kuiona ile boriti. Pale ilipojikunja rangi ilikuwa imepasuka, na ndani kulikuwa na kutu tupu, matabaka matabaka kama chapati. Nilichomeka kucha, ikaingia.

Tajiri akapiga simu kwamba anakuja ofisini, atukute wote. Kabla hajafika injinia alinisimamisha kwenye ngazi, ameweka mkono ukutani nisipite. Alisema jina lake likiharibika ofisi inafungwa, tunakosa wote. Mimi nikikosea, ni mwanamke wa kidato cha nne, nani atashangaa? Nitasemwa kidogo, halafu kesho naingia kazini kama kawaida. "Sema ulipima ovyo. Mtoto wako atakula nini hapa pakifungwa?"

Alimjua mtoto wangu. Alikuwa akimpa pipi.

Tajiri alikaa kwenye kiti cha injinia. Injinia akasimama. Nilimwamkia tajiri shikamoo, hakuitika. Akauliza nani alipima.

Nikasema ni mimi. Akauliza nilipimaje. Nikasema ovyo.

"Ulikuwa unawaza nini?"

Hili sikuwa nimefundishwa pale ngazini. Nikasema nilikuwa na mtoto mgonjwa, mzee. Hakuwa mgonjwa.

"Basi nenda kamlee," akasema. Akamgeukia injinia. "Huyu nisimkute tena hapa."

Nilimtazama injinia. Nilisubiri akohoe, aseme lolote, hata aniombee mwezi. Yule mtu akafunga kifungo cha shati lake.

"Nilishaamua hivyo hivyo, mzee," akasema.

Namwombea boriti imwangukie. Watu wa kanisani wanasema nisamehe. Wasamehe wao.

Habari ilifika Didia kabla sijajua nitakula nini. Baba mkwe alikuja amevaa koti lake la misibani, nikapiga magoti, nikamwamkia, akaitikia vizuri. Nikamwambia natafuta kazi nyingine, anipe muda.

"Mayu," akaniambia, yaani mama, kwa upole kabisa, "mimi sikukufukuza kazi. Ukipata nyingine utakuja kumsalimia."

Nguo za mtoto zilienea kwenye mfuko mmoja wa plastiki. Mwanangu alipoiona bodaboda ya kuwapeleka stendi ya mabasi alianza kurukaruka. Dereva akamkalisha mbele, juu ya tangi, akamwachia apige honi. Akaipiga. Akacheka. Hakugeuka kuniangalia, na ageuke kwa nini, alikuwa hajawahi kupanda pikipiki.

Walipokata kona niliona nimeshika viatu vyake, babu amevisahau. Nikakimbia mpaka barabarani nikavirusha nyuma yao, kimoja baada ya kingine, kwa nguvu zangu zote. Havikufika hata nusu. Mama muuza mihogo akaniuliza kama nimechanganyikiwa, nikamtukana mama yake.