Masaa Ishirini Kutoka Perth

Mzee Luseno alikuwa amekufa masaa kumi tayari, bintiye alipojibu simu akasema, "Amelala."

Huyo binti ni Asenath, jirani yangu hapa mtaa wa Fedha, Nairobi. Alinisimulia mwenyewe tukianika nguo.

Kaka yake, Patrobas, ako Australia, mji wa Perth. Miaka saba hakuwa amekanyaga nyumbani. Mzee akiuliza atakuja lini, jibu lilikuwa lile lile: "Budaa, ni masaa ishirini tu. Siku yoyote natua."

Ishirini tu!

Mwezi wa nne figo za mzee zikagoma. Daktari akamvuta Asenath kando. "Kama kuna mtu wa kuitwa, mwite leo."

Patrobas akakata tiketi hapo hapo. Ndege ya moja kwa moja hakuna. Perth hadi Doha, masaa kumi na moja. Hapo ungoje matatu. Halafu karibu sita mengine hadi Nairobi. Ukipima mstari ulionyooka ni kilomita elfu tisa kasoro, lakini ndege inazunguka.

Mzee, pale kitandani kwake, hakuchoka kuuliza. "Amefika wapi?"

"Ndio anapanda ndege, Baba."

"Mwambie asiwe na wasiwasi. Nitamngoja."

Hakuweza. Saa moja jioni akakata roho, mkono wake ndani ya mkono wa Asenath. Patrobas alikuwa juu ya bahari, simu imezimwa.

Alfajiri saa kumi na moja, simu ikalia. Doha.

"Niaje, sis. Budaa anaendeleaje?"

Asenath akaangalia kitanda kitupu. Akawaza: masaa matatu kwa viti vya uwanja wa ndege, sita angani, katikati ya watu asiowajua. Akianguka, nani atamshika?

"Amelala."

"Sawa. Usimwamshe."

Saa nane mchana, uwanja wa ndege. Asenath alikuwa amepanga maneno tangu asubuhi. Patrobas akatokea na begi, macho mekundu, akamkumbatia kabla hajafungua mdomo.

"Nilijua, Asenath."

"Lini?"

"Nilipowasha simu Doha. Mtu wa kanisa alikuwa ameshanitumia pole. Ndio nikakupigia."

"Sasa mbona uliniuliza?"

"Nilitaka mtu aniambie ni uongo." Akashusha begi chini. "Ukaniambia. Lakini nilisikia vile umejikaza, nikajua. Nikanyamaza, usije ukalia huku peke yako. Nimelia ndani ya blanketi la ndege mpaka Nairobi."

"Mimi hata chozi sijatoa," Asenath akasema. "Nilikuwa nakungoja."

Hapo ndipo kilio kilipomtoka. Wakakaa chini wote wawili, sakafuni, watu wakiwazunguka na mizigo yao.

Wandugu, habari mbaya ikifika, isemeni. Hawa walifichana kilio wakidhani ni huruma, kumbe kila mmoja alikuwa anampoteza baba peke yake.