Buti la Kulia la Shija

Kabla sijaanza, jua hivi: mimi sinywi pombe, siendi kwa waganga, na rozari ilikuwa shingoni. Niliyoyaona kule ziwani niliyaona kwa macho haya haya. Ukitaka kucheka, cheka. Hata baba watoto alicheka mwanzoni.

Sisi akina mama wa darasa la jioni hapa Kharumwa tulikwenda kupiga kambi ziwani, Ijumaa mpaka Jumapili, tukaone viboko na nzohe, wale swala wa kwenye matete. Tulimshawishi na Mama Shija aje, apumzishe moyo. Mwanawe Shija alifukiwa na duara, shimo la kuchimbia dhahabu. Wenzake walichimba wee, wakatoka na buti lake la kulia tu. Ukoo ukasema lizikwe hilo buti, watu waanue matanga. Mama Shija akakataa katakata.

"Nizike kiatu? Akirudi atavaa nini?"

Basi buti likakaa chini ya kitanda, analipaka dawa ya viatu kila Jumamosi. Shija mwenyewe sikuwahi kumwona. Nilihamia Kharumwa yeye ameshapotea.

Jumamosi ile tulizungushwa na boti. Tuliona kenge, tukaona furukombe anabeba samaki mkubwa kama mkono wangu. Nilipoinama kutazama viboko, nikasikia mwenzetu mmoja nyuma yangu, "Mama Neema, inuka hapo! Kiboko atadhani dada yake kaja!" Walicheka mpaka boti ikayumba. Hata Mama Shija alicheka. Sikuwahi kumwona akicheka kabla ya siku ile, nakwambia ukweli. Kisha akasema, "Leo sijalipaka."

Jua linazama, nilikuwa naosha sufuria kando ya mahema. Viboko wametoka, wanakula nyasi pale chini. Askari wa wanyamapori alishatuonya: usipite kati ya kiboko na maji, atakukata vipande. Sasa nikamwona kijana anapita hapo hapo, katikati. Taratibu. Hakuna kiboko aliyeinua kichwa. Ndege weupe waliokaa migongoni mwao hawakuruka. Wewe ulishaona wapi?

Akapanda mpaka nilipo. Mwili wote vumbi la mawe, mpaka kope. Mguu wa kushoto una buti. Wa kulia mtupu.

"Mwangaluka, mayu," akaniamkia.

Hiyo kwetu Wasukuma ni salamu ya asubuhi kwa mama. Jua linazama, yeye kwake kumekucha! Niliitikia kwa mazoea tu. Akasema polepole, kama mtu aliyetoka zamu, "Mwambie mama aliachie buti langu. Kule chini ni mawe matupu. Mguu unaniuma."

Nikashika rozari, nikafumba macho, Salamu Maria ikanipotea katikati. Nilipofumbua, palikuwa na viboko tu.

Ungekuwa wewe ungemwambia mama yake? Niliingia hemani nikamwambia. Alisikiliza mpaka mwisho, mkono umeshika kona ya blanketi.

"Alikuwa amekonda?"

"Vumbi lilikuwa jingi, mama. Sikuona vizuri."

"Hakuniulizia?"

Ningeweza kumpa neno moja la kumtuliza. Lakini ningemdanganyaje mtu juu ya mwanawe? "Hapana. Alitaja mguu tu."

Akanigeuzia mgongo. Usiku ule kilio chake kilitoka, kile alichokuwa amekifungia tangu siku ya duara.

Tuliporudi, buti likazikwa, padri akasali. Kabla ya kuliweka kaburini Mama Shija alilipaka kwa mara ya mwisho, akafunga kamba vizuri. Kisha akazifungua tena. "Avae kwa urahisi," akasema.

Matanga yakaanuliwa. Lakini kila Jumamosi, saa ile aliyokuwa anapaka buti, anakuja kwangu. Anakaa kwenye kigoda, hata chai hagusi. Ananiuliza kwa sauti ndogo, "Mama Neema, kweli hakuniulizia?" Nami namjibu lile lile.

Ndiyo maana nakuonya wewe mwenye watu machimboni. Mtu akikuamkia salamu ya asubuhi na jua linazama, usifumbe macho kama mimi. Sali, lakini macho wazi. Muulize, hata kama unatetemeka: una salamu gani kwa mama yako? Kwa sababu yeye ataondoka. Mama yake utabaki naye.